Lahaja za Shomoro

Kiswahili hakikosi majina pale ambapo macho ya wenyeji yametua kwa muda mrefu. Tunda la mnazi peke yake lina majina ya umri wake wote: huwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, hata mwisho likaitwa nazi, na aliyemwagiza mkwezi dafu akaletewa koroma hujua mara moja kwamba amepewa sicho. Lakini ndege mdogo wa paani, aokotaye punje za mchele mlangoni na kujenga katika tundu la ukuta, aliachiwa jina moja tu. Ni shomoro. Kaskazini ya pwani wako wamwitao jurawa, ila hilo nalo ni jina moja jingine. Halimgawi ndege huyo mafungu. Yumo hata katika Injili ya Kiswahili, ametajwa kwa mfano wa kitu cha bei ndogo kabisa sokoni. Na cha bei ndogo, ada ya wanadamu, hakitazamwi mara mbili.

Wale wawatazamao ndege kwa kalamu mkononi wanajua kuwa chini ya jina hilo moja imejificha jamaa kubwa. Yupo kwanza shomoro wa majumbani, ambaye Linnaeus wa Uswidi alimwandika katika orodha yake ya mwaka 1758 kwa jina la Kilatini *Fringilla domestica*, naye leo huitwa *Passer domesticus*. Huyo peke yake amegawanywa katika nususpishi zipatazo 12. Nususpishi ni kundi la viumbe wa spishi moja waliokaa upande mmoja wa dunia hata wakawa na alama zao za rangi na kimo, bila ya kuacha kuwa ndugu wa wenzao. Wakikutana huoana na kuzaa. Mpenzi wa ushairi hahitaji maelezo marefu kuliko hayo. Nususpishi ni lahaja. Mtu wa Mvita, mtu wa Amu na mtu wa Makunduchi wanaelewana, lakini kila mmoja akifungua kinywa, msikilizaji mzoefu anajua maji yake yametoka kisima gani.

Kwa kipimo hicho, shomoro wa Mji Mkongwe ana lahaja ya Kihindi. Ni wa nususpishi iitwayo *indicus*, iliyopewa jina hilo na Jardine na Selby mwaka 1831, naye aliletwa Unguja yapata mwaka 1900. Dume lake lina utosi wa kijivu, pande za kichwa rangi ya hudhurungi, koo jeusi kama mtu aliyejifunga kitambaa, na mashavu meupe. Ndugu yake wa Ulaya ana mashavu ya kijivu na mwili mkubwa kidogo. Kunguru wa Kihindi alimtangulia shomoro kwa miaka michache tu, kwani yeye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890. Kunguru akageuka balaa la kisiwa, na shomoro akageuka mwenyeji. Nususpishi hiyo hiyo ya Kihindi ilifikishwa Durban mwishoni mwa karne ya 19, na katika karne iliyofuata ikapanda kaskazini nchi baada ya nchi. Kutoka Mombasa nako shomoro huyo aliifuata barabara kuu ya bara, na katika miaka ya 1990 alikuwa amekwisha kuonekana Nairobi. Hahitaji zaidi ya punje zilizomwagika na tundu chini ya paa.

Miongoni mwa waliomjua ndege huyo kabla ya kumsoma vitabuni alikuwa fundi cherehani mmoja, mzaliwa wa Ng'ambo ya Unguja, aliyeoa Hedaru na kuhamia huko katika miaka ya 1980. Hedaru ni mji wa wilaya ya Same, chini ya miteremko ya magharibi ya Upare wa Kusini. Barabara iendayo Moshi na Arusha inapita hapo, na reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inapita hapo pia. Milima ipo karibu mno hata mgeni hudhani mvua haina budi kumwagika mjini. Kumbe mawingu hushusha mzigo wao upande wa pili na huko juu, na bonde la chini hubaki na jua, migunga, mibuyu na upepo wa vumbi. Fundi alipanga chumba kimoja chenye kibaraza, akaweka cherehani yake barazani, na kwa kuwa mama lishe wa jirani alikuwa akipeta mchele asubuhi, ndege wakawa wateja wake wa kwanza.

Aliwaita shomoro, kama alivyofundishwa na mama yake. Lakini hawakuwa wale. Koo zao hazikuwa nyeusi. Vichwa vyao vilikuwa vya kijivu, migongo ya kahawia isiyo na michirizi, mabawa na kiuno cha wekundu wa kutu, na dume na jike walikuwa sare kama watu wa kwaya. Kwao Unguja, dume na jike wa shomoro hutofautiana hata mtoto akawatenga. Hapa mtu angekaa mwezi mzima asijue nani mume na nani mke.

Fundi alikuwa na silaha moja ambayo wataalamu wengi hawana. Maisha yake yote alikuwa ameshona sare za shule, naye alijua kwamba kijivu si rangi moja. Iko jora ya kijivu inayoelekea samawati na iko inayoelekea udongo; ukizishona pamoja katika suruali moja, mchana wa jua mteja atakurudishia. Kwa jicho hilo aliona baada ya miaka kadhaa kwamba hata shomoro wa Hedaru hawakuwa jora moja. Baadhi walikuwa wakubwa, wenye mdomo mnene uliopinda juu kama wa kasuku. Wengine walikuwa wa kadiri, mdomo wa kawaida. Akaanza kuandika katika daftari lile lile la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma.

Alichokuwa akikiona kina historia ndefu katika makabati ya Ulaya. Shomoro wenye kichwa cha kijivu wamesumbua vichwa vya wataalamu kwa karne mbili. Vieillot wa Ufaransa alimtaja wa kwanza mwaka 1817, akamwita *griseus*, yaani wa kijivu. Andrew Smith akamtaja wa kusini mwa Afrika mwaka 1836. Rüppell akamtaja wa Uhabeshi mwaka 1840. Mwaka 1890 Oustalet wa Paris akamtaja yule mkubwa mwenye mdomo wa kasuku, akampa jina la *gongonensis*, jina lenye asili ya Gongoni katika pwani ya Kenya. Mwaka 1904 Reichenow wa Berlin akamtaja mwingine, wa nyika za kusini ya Kenya na Tanzania bara, ambaye rangi ya mgongo wake karibu haitengani na ya kichwa. Huyo akampa jina la *suahelicus*. Kwa muda mrefu wote watano walihesabiwa kuwa nususpishi za ndege mmoja. Baadaye orodha nyingi zikawapandisha daraja kila mmoja akawa spishi yake. Na bado wako wasemao huyu na yule wasitengwe. Pale mipaka yao inapokutana, hubishana wataalamu, na ndege wenyewe huendelea kutaga.

Hebu msomaji atue hapa kidogo. Shomoro aliyepewa jina la Mswahili si wa Lamu, si wa Mombasa, si wa Unguja. Ni ndege wa bara, wa mbuga za ng'ombe na twiga. Shomoro anayekaa Uswahilini, anayelala katika boriti za nyumba zilizojengwa kwa mawe na chokaa, ni mwenye asili ya Bara Hindi. Na yule mwenye jina la kijiji cha pwani, mwenye mdomo wa kasuku, makao yake ni nchi kavu kutoka Ethiopia hadi kaskazini mashariki ya Tanzania, na Mkomazi, upande wa pili wa milima ya Upare, ni mojawapo ya nyumba zake. Majina hayo yalitolewa na watu waliokuwa na ngozi ya ndege mezani na ramani ukutani. Hayakuwa uongo. Yalikuwa ni majina ya mbali.

Fundi alikuwa na rafiki, mwalimu mstaafu, Mpare wa ukoo wa milimani, aliyekuja kila jioni kusoma magazeti na kusahihisha Kiswahili cha watu. Siku fundi alipomwonyesha kitabu cha ndege chenye jina la shomoro Mswahili, mwalimu alicheka hata akavua miwani.

"Basi yamekwisha, fundi. Waandike wote Waswahili, upumzike."

"Nani kasema wote ni Waswahili, mwalimu?"

"Huku kwetu kila asiyejulikana ukoo wake ni Mswahili. Na wewe uliyekuja na cherehani ni Mswahili. Tena angalia: sisi ni Vaasu, lugha yetu Chasu. Nchi nzima inatuita Wapare, tumekubali, kodi tumelipa kwa jina hilo. Shomoro ni nani hata akatae?"

Fundi hakucheka. Akamjibu kwamba Vaasu waliitwa Wapare lakini hawakusahau kuwa ni Vaasu, kwa sababu wenyewe wana vinywa vya kusema. Shomoro hana. Asiposemewa sawasawa na aliyemwona, hakuna atakayemsemea.

Jibu hilo lilimtuliza mwalimu, kwani ndilo alilokuwa akiwafundisha wanafunzi wake kwa njia nyingine alipofika kwenye tenzi. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, haukuwa mwisho wa lahaja nyingine, ila ulikuwa mwanzo wa majaribu yao. Mnakili mwenye nia njema hukuta katika hati ya Amu neno "ndia", akadhani ni kosa, akaliandika "njia". Maana haikupotea hata chembe. Lakini ikiwa ubeti ule ulikuwa unatua kwa "dia", na neno jirani lilikuwa "rudia", basi kina kimevunjika, na msomaji wa baadaye atamlaumu mshairi kwa udhaifu ambao hakuwa nao. Tena hatajua shairi lilitungwa wapi, kwa kuwa ushahidi wa mahali ulikuwa katika ile herufi moja iliyosafishwa. Mnakili hakuandika alichokiona. Aliandika alichotarajia kukiona.

Ndivyo zinavyokufa taarifa za ndege. Kuanzia miaka ya 1980 pamekuwa na mradi wa kutengeneza atlasi ya ndege wa Tanzania, ulioanzishwa na Neil na Liz Baker, ambao umeigawa nchi katika miraba ya nusu digrii, kila upande kiasi cha kilomita 55, na kukusanya kutoka kwa wapitao njia na wakaao mahali nani kaonekana wapi na mwezi gani. Kabla ya hapo palikuwa na Jumuiya ya Historia ya Asili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1909, na tangu mwaka 1977 kuna jarida la *Scopus* linalochapisha habari za ndege wa eneo hili. Katika hazina kama hizo, maneno "shomoro wa kichwa cha kijivu" yaliyoandikwa zamani bila ya maelezo ni kama "njia" ya yule mnakili. Ndege alipogawanywa watano, maneno hayo hayakuweza kugawanyika. Hayawezi tena kumthibitisha yeyote. Lakini aliyeandika "mdomo mnene, mgongo kahawia, koo halina weupe" alihifadhi shahidi anayeweza kuitwa mahakamani hata baada ya sheria kubadilika.

Mtihani wa fundi mwenyewe ulikuja asubuhi moja ya mwaka 2014, nao haukutoka kwa wale wa kijivu. Karibu na mahali yanaposimama mabasi, juu ya ukingo wa paa la duka la nafaka, alimwona dume mwenye koo jeusi. Alisimama na mkasi mkononi. Wateja wakadhani kaona jamaa yake akishuka basini. Na kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa hajakanyaga Unguja kwa miaka tisa. Mama yake alikuwa amezikwa yeye akiwa njiani, hakuwahi. Na sasa ndege wa dirisha la mama yake alikuwa amempata Hedaru, pengine kwa lori hadi lori, kama wapandavyo watu wasio na nauli.

Moyo wake ulikuwa umekwisha kuandika taarifa nzima kabla ya kalamu: shomoro wa Unguja, nususpishi ya Kihindi, amefika Hedaru. Lakini dume alikuwa amekaa dhidi ya mwanga. Utosi ulionekana, koo lilionekana, mashavu yalikuwa kivulini. Na mashavu ndiyo yanayomtenga Mhindi na Mzungu. Ni kweli kwamba katika sehemu hizi za Afrika wa Kihindi ndiye wa kutarajiwa. Lakini kutarajia ndiko kulikoigeuza "ndia" kuwa "njia". Fundi alikaa siku nne akimngoja ndege yule, akaacha sare mbili bila vifungo, na mke wake akamwuliza kama hao ndege watalipa ada ya mtoto. Siku ya tano dume alishuka chini kuokota mtama, jua likampiga ubavuni, na mashavu yakawa meupe kama kanzu ya Idi. Majike wawili walikuwa naye, wenye mstari hafifu juu ya jicho.

Taarifa aliyoiandika usiku ule ilikuwa na mistari saba. Tarehe. Mahali, na umbali wake kutoka stesheni ya reli. Idadi. Alichokiona siku ya kwanza, kimetengwa na alichokiona siku ya tano. Rangi ya mashavu, na saa ambayo jua lilikuwa upande upi. Majike aliwaandika hivi: "Walifuatana na dume, nususpishi yao haikutambulika kwa macho." Kuhusu Unguja hakuandika neno, wala kuhusu mama yake. Binti wa mwalimu aliituma kwa mkusanyaji mmoja wa habari za ndege, likarudi swali moja tu: wale wa kijivu wa hapo ni wapi? Fundi akafungua kurasa za nyuma za daftari la vipimo. Wenye mdomo wa kasuku aliwataja kwa jina lao. Wa kadiri aliwaeleza manyoya hadi manyoya, kisha mahali pa jina akapaacha wazi.

Mwalimu alipousoma ule uwazi alisema ni aibu kwa mtu aliyewatazama ndege kwa miaka mingi kuacha jina. Fundi alimjibu kwamba shati lisilopimwa halikatwi.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni anasa, kwamba shomoro ni shomoro. Majibu ya watu hao yako juu ya milima ile ile ya Upare. Katika msitu wa Chome, unaopanda hadi kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya meta 2,400, anaishi kinengenenge mmoja, ndege mdogo mwenye pete nyeupe kuzunguka macho, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Upare wa Kusini. Alitambulishwa kwa wataalamu katika miaka ya 1930, akapewa jina la Winifred, mke wa Reginald Moreau aliyekuwa akifanya kazi Amani katika Usambara. Kisha kwa miaka mingi akawekwa kama nususpishi tu ya vinengenenge wa milima mingine. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya 2010 ulionyesha kuwa vinengenenge wa vilele mbalimbali vya Afrika Mashariki si lazima wawe ndugu wa karibu kwa kuwa wanafanana, na sasa wa Shengena anahesabiwa spishi kamili. Watu wa visiwani wanalijua jambo hili, maana Pemba nayo ina kinengenenge wake asiyeko kwingine, aliyetajwa na Bannerman mwaka 1924. Tofauti iliyoonekana ndogo ilikuwa ni nafsi nzima. Na fedha za kulinda misitu hufuata orodha za spishi. Aliyefichwa ndani ya jina la mwenziwe anaweza kumalizika bila ya hata kuhesabiwa kuwa amekufa.

Wala wingi si kinga. Mwezi wa Novemba mwaka 1925 kijana mmoja wa Kiingereza, Max Nicholson, aliwahesabu shomoro wa bustani ya Kensington, katikati ya London, akapata 2,603. Mwaka 2000 hesabu ilirudiwa mahali pale pale, naye akiwa bado hai. Walikuwa 8. Sababu zinabishaniwa hadi leo, lakini hakuna anayebisha kwamba walikuwepo, kwa kuwa alikuwepo mtu mmoja aliyeona haya kuandika "wengi" wakati angeweza kuandika idadi.

Daftari la fundi lina vipimo vya viuno vya watoto wa Hedaru ambao sasa ni watu wazima, na nyuma yake lina shomoro wa miaka yote hiyo. Kurasa zimeshonwa upya kwa uzi wa cherehani. Mahali pengi pa majina pamejazwa, pengine kwa penseli, na pengine hapana kitu isipokuwa rangi, mwezi na saa. Atakayekuja na elimu zaidi ataweza kuandika jina katika nafasi hizo. Asingeweza kama zingekuwa zimejazwa kwa kubahatisha.